Rejista au Kumbukumbu ya Ndani ya Chipu? Historia ya Uamuzi Mmoja katika Usanifu wa FPGA, 1985–2018

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya swali ambalo kila msanifu wa FPGA hukutana nalo: je, data inayopita ndani ya saketi itunzwe katika rejista zilizotawanyika kotekote kwenye chipu, au katika bloku za kumbukumbu zilizojengwa humo tangu kiwandani? Kwa kufuatilia chipu za kampuni za Xilinx na Altera tangu mwaka 1985, kichakataji kidogo cha KCPSM, na mitambo ya darubini za redio za Karoo nchini Afrika Kusini, makala inaonesha kwamba swali hilo halijawahi kuwa na jibu la kudumu. Jibu limebadilika kila mara watengenezaji walipobadilisha mgawanyo wa eneo la silikoni. Hoja kuu ni kwamba mtumiaji wa chipu hurithi uamuzi uliofanywa na wengine miaka kadhaa kabla yake. Nchi zinazonunua chipu bila kuzitengeneza, kwa hiyo, zinahitaji wataalamu wanaoweza kuusoma urithi huo, hasa wakati wa ununuzi na katika ufundishaji.

1.0 Utangulizi

FPGA ni chipu ambayo kazi yake haikukamilishwa kiwandani. Mtengenezaji huiuza ikiwa na maelfu ya vipande vidogo vya mantiki pamoja na nyaya za kuviunganisha. Mtumiaji ndiye anayeamua, kwa kupakia faili la mpangilio, vipande hivyo viunganishwe vipi na vifanye nini. Leo chipu moja yaweza kuongoza mota za mashine. Kesho, ikipakiwa faili jingine, chipu ileile ikachuja mawimbi ya redio.

Ndani ya chipu ya namna hiyo, data huweza kukaa katika mahali pa aina tatu. Mahali pa kwanza ni rejista, yaani kundi la flipu-flopu, ambapo kila flipu-flopu hushika biti moja, hubadilika kwa mpigo wa saa, na tokeo lake huonekana na majirani zake wakati wote. Mahali pa pili ni jedwali la majibu, kijisehemu chenye biti chache ambacho kwa kawaida hutumika kutekeleza mantiki, lakini katika chipu nyingi huweza kugeuzwa kuwa kumbukumbu ndogo. Mahali pa tatu ni bloku ya kumbukumbu, eneo maalumu lenye maelfu ya biti zilizobanwa pamoja na kufikiwa kwa anwani.

Tofauti ya mahali hapo patatu si ya ukubwa peke yake. Rejista zenye jumla ya biti 1,000 zaweza kusomwa zote kwa mpigo mmoja wa saa. Bloku ya kumbukumbu yenye biti hizohizo ina mlango mmoja au miwili, na katika kila mpigo mlango mmoja hupitisha neno moja tu. Mfano wa duka unasaidia kulieleza jambo hili. Bidhaa zilizopangwa mezani huonekana na kufikiwa na wateja wengi kwa pamoja, lakini meza hula nafasi ya duka. Bidhaa zilizorundikwa ghalani huchukua nafasi ndogo, lakini hutoka moja moja kupitia mlangoni. Anayechagua rejista hununua upana wa njia. Anayechagua bloku hununua wingi wa nafasi.

Uamuzi huu huonekana mdogo, na mara nyingi huachiwa programu ya kompyuta. Hata hivyo, ndio unaoamua kama mtambo utatosha katika chipu iliyokwisha kununuliwa, kama utafikia kasi inayotakiwa, na kama taasisi italazimika kununua chipu kubwa na ya ghali zaidi. Sehemu zinazofuata zinaeleza jinsi uamuzi huo ulivyozaliwa na ulivyobadilika.

2.0 Chipu iliyojaa kumbukumbu isiyotumika, 1985–1990

Kampuni ya Xilinx iliasisiwa mwaka 1984 na Ross Freeman, Bernard Vonderschmitt na James Barnett. Wazo la Freeman lilikwenda kinyume na desturi ya wakati wake. Wasanifu wengi waliitazama transista kama mali adimu isiyopaswa kupotezwa. Yeye aliamini kwamba transista zingekuwa rahisi kiasi kwamba ingefaa kuzitumia kwa wingi ili kununua unyumbufu. Mwaka 1985 kampuni ilitoa chipu ya XC2064. Haikuwa na kiwanda chake yenyewe. Chipu zilitengenezwa Japani na kampuni ya Seiko.

XC2064 ilikuwa na bloku 64 za mantiki zilizopangwa kwa safu 8 na nguzo 8. Kila bloku ilikuwa na jedwali la majibu lenye biti 16 na kihifadhi kimoja cha biti moja. Ukiongeza flipu-flopu zilizokuwa kwenye pini 58 za kuingizia na kutolea data, msanifu alikuwa na jumla ya flipu-flopu 122. Hizo hazifiki baiti 16. Jina la mtu na la babake lingetosha kuijaza chipu nzima.

Katika mazingira hayo, swali la rejista au kumbukumbu halikuwapo. Kilichokuwapo kilikuwa rejista, tena chache, na aliyehitaji kuhifadhi data nyingi aliweka chipu nyingine ya kumbukumbu pembeni kwenye bodi na kuiunganisha kwa pini. Pini zilikuwa chache na safari ya kwenda nje ya chipu ilikuwa ya polepole, kwa hiyo kazi zilizoelekezwa kwa FPGA za mwanzo zilikuwa zile zisizohitaji kukumbuka mengi: kuunganisha chipu nyingine, kuhesabu, na kuongoza hatua za mtambo.

Palikuwa na kinaya katika hali hiyo. XC2064 ilikuwa na zaidi ya biti 12,000 za kumbukumbu ndani yake. Hizo ndizo zilizoshika mpangilio, yaani maelezo ya namna vipande vinavyounganishwa na majibu yaliyomo katika kila jedwali. Ziliandikwa mara moja mtambo ulipowashwa, kisha zikakaa kimya hadi umeme ulipozimwa. Kwa maneno mengine, chipu ya kwanza ya aina hii ilikuwa imejaa kumbukumbu, ila mtumiaji hakuruhusiwa kuigusa wakati saketi inafanya kazi. Historia ya miaka 10 iliyofuata inaweza kusomwa kama historia ya kuufungua mlango huo.

3.0 Jedwali linapogeuka kumbukumbu

Mlango ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa familia ya XC4000. Kila bloku ya mantiki ya familia hiyo ilikuwa na majedwali mawili makuu ya biti 16 na flipu-flopu mbili. Jambo jipya lilikuwa kwamba saketi ya mtumiaji iliweza kuandika ndani ya majedwali hayo wakati wa kazi. Hivyo, mahali palipokuwa na flipu-flopu mbili sasa paliweza kupatikana biti 32 za kumbukumbu. Kumbukumbu ya namna hii ilikuja kuitwa kumbukumbu sambazwa, kwa kuwa haikukaa mahali pamoja bali ilitawanyika popote msanifu alipoihitaji.

Faida yake inaonekana katika hesabu ndogo. Chukua kundi la rejista la kichakataji lenye maneno 32 ya biti 32 kila moja, yaani biti 1,024. Likijengwa kwa flipu-flopu, huhitaji flipu-flopu 1,024, na gharama haiishii hapo. Ili kuchagua neno moja kati ya 32, kila biti ya tokeo huhitaji swichi teuzi 31 za mbili kwa moja. Kwa biti 32 ni swichi 992, na idadi hiyo hurudiwa kwa kila mlango wa kusomea. Zikiwekwa katika majedwali ya biti 16, biti zilezile 1,024 hujaza majedwali 64, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchagua hufanywa na anwani ya jedwali lenyewe. Mzigo mkubwa katika ujenzi wa flipu-flopu, basi, mara nyingi si kuhifadhi bali ni kuchagua kilichohifadhiwa. Somo hili husahaulika kwa urahisi na wanaohesabu biti peke yake.

Hata hivyo, kumbukumbu sambazwa ilikuwa na masharti yake. Katika chipu za mwanzo za XC4000 uandishi haukufuata ukingo wa mpigo wa saa. Msanifu alipaswa kuhakikisha kwamba anwani imetulia kabla ya ishara ya kuandika kufika, la sivyo data iliandikwa mahali pasipo pake. Familia iliyofuata ya XC4000E iliondoa adha hiyo kwa kuruhusu uandishi unaofuata saa. Kizuizi cha pili hakikuondoka: kumbukumbu ilipokuwa ndefu, majedwali mengi yalipaswa kuunganishwa kwa nyaya na swichi za ziada, na kasi ikashuka. Jedwali lililotumika kama kumbukumbu pia halikuweza kutumika kama mantiki. Kila biti iliyohifadhiwa ilikuwa imeondolewa kwenye hesabu ya kazi.

4.0 Bloku maalumu za kumbukumbu, 1995–2002

Mwaka 1995 kampuni ya Altera, mshindani mkuu wa Xilinx, ilichukua njia nyingine katika familia ya FLEX 10K. Badala ya kuazima biti za mantiki, ilitenga sehemu ya silikoni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kila bloku ilikuwa na biti 2,048, na mtumiaji aliweza kuipanga kama maneno 256 ya biti 8, 512 ya biti 4, 1,024 ya biti 2, au 2,048 ya biti 1. Chipu ya EPF10K100 ilikuwa na bloku 12 za namna hiyo, yaani biti 24,576, kando ya elementi 4,992 za mantiki.

Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara kadiri ulivyokuwa wa kihandisi. Seli ya kumbukumbu iliyobanwa katika bloku huchukua eneo dogo sana ikilinganishwa na flipu-flopu inayozungukwa na nyaya za kuunganishia. Kwa mteja anayehitaji kumbukumbu, hiyo ilikuwa faida kubwa. Kwa asiyeihitaji, bloku zilikuwa eneo alilolilipia bila kulitumia. Altera ilijaribu kupunguza hasara hiyo kwa kuonesha kwamba bloku iliweza pia kufanya kazi ya mantiki: bloku ya maneno 256 ya biti 8 yatosha kushika majibu yote ya kuzidisha namba mbili za biti 4. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Toronto, tasnifu ya uzamivu ya Steven Wilton ilichambua kwa kina usanifu wa FPGA zenye kumbukumbu ndani yake, ikiwamo namna bloku hizo zinavyopaswa kuunganishwa na mantiki inayozizunguka. Swali lililokuwa la msanifu mmoja mmoja lilikuwa limekuwa swali la utafiti: chipu iwe na bloku ngapi, za ukubwa gani?

Xilinx ilijibu mwaka 1998 kwa familia ya Virtex, iliyobakiza kumbukumbu sambazwa na kuongeza bloku za biti 4,096 zenye milango miwili. Virtex-II, iliyofuata mwaka 2001, ilikuwa na bloku za kilobiti 18. Mwaka 2002 Altera ilikiri kwa vitendo kwamba hakuna ukubwa mmoja unaowafaa wote. Familia ya Stratix ilikuja na bloku za aina tatu: ndogo za biti 576, za kati za biti 4,608, na kubwa za biti 589,824. Chipu ndogo kuliko zote katika familia hiyo, EP1S10, ilikuwa na bloku ndogo 94, za kati 60, na kubwa 1 tu. Mgawanyo huo ulikuwa dhana ya mtengenezaji kuhusu kazi atakazofanya mteja asiyemjua, dhana iliyochongwa katika silikoni na isiyoweza kubadilishwa na faili lolote la mpangilio.

5.0 Kichakataji kilichokatwa kwa kipimo cha bloku

Athari ya vipimo hivyo inaonekana vizuri katika kazi ya Ken Chapman, mhandisi wa Xilinx aliyebuni kichakataji kidogo cha biti 8 kiitwacho KCPSM, ambacho baadaye kilijulikana kama PicoBlaze. Toleo la mwanzo, lililolenga familia ya Virtex, lilikuwa na nafasi ya amri 256, kila amri ikiwa na biti 16. Zidisha 256 kwa 16 na jibu ni 4,096, ukubwa kamili wa bloku moja ya Virtex. Bloku zilipofika kilobiti 18, toleo la KCPSM3 lilikuwa na amri 1,024 za biti 18, yaani biti 18,432, ambayo nayo ni bloku moja kamili. Urefu wa programu ambayo mtumiaji aliweza kuandika ulikuwa umeamuliwa na aliyepima bloku.

Rejista za kichakataji hicho zina funzo la pili. Matoleo yote mawili yalikuwa na rejista 16 za biti 8. Kwa mwandishi wa programu hizo ni rejista. Katika silikoni si flipu-flopu hata kidogo, bali ni majedwali ya majibu yaliyogeuzwa kuwa kumbukumbu sambazwa, na namba 16 ni idadi ya nafasi zilizomo katika jedwali moja. Kwa hiyo neno “rejista” lina maana mbili zinazoweza kupishana: kitu anachokiona mwandishi wa programu, na kitu kilichopo ndani ya chipu. Mwalimu asiyezitenganisha maana hizi humwacha mwanafunzi akidhani kwamba kila kinachoitwa rejista kinagharimu sawa.

KCPSM pia inaonesha kwamba uchaguzi mzuri haukuwa wa upande mmoja. Programu, ambayo ni ndefu na husomwa amri moja kwa wakati, iliwekwa katika bloku. Rejista za kazi, ambazo ni chache na husomwa mbili kwa pamoja, ziliwekwa katika majedwali. Hali za muda mfupi, zinazopaswa kuonekana na saketi nzima kila mpigo, zilibaki katika flipu-flopu. Mbinu hiyo haikuchosha rasilimali ya aina yoyote, na ndiyo sababu kichakataji kiliweza kuingia katika pembe ndogo ya chipu.

6.0 Ushahidi kutoka Karoo

Mfano wa Kiafrika ulio wazi zaidi unatoka katika unajimu wa redio. Katika jangwa la Karoo nchini Afrika Kusini, darubini ya KAT-7 yenye antena 7 ilitangulia darubini ya MeerKAT yenye antena 64, iliyozinduliwa rasmi Julai 2018. Mawimbi yanayopokelewa na antena hizo hupaswa kugawanywa katika masafa mengi kwa wakati uleule yanapoingia, bila kusubiri. Kazi hiyo ilifanywa na FPGA. Bodi ya ROACH, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa wahandisi wa Afrika Kusini na wenzao wa mtandao wa CASPER ulioanzia Berkeley, Marekani, ilitumia chipu ya Virtex-5 SX95T yenye flipu-flopu 58,880, majedwali ya majibu 58,880, na bloku 244 za kilobiti 36.

Kiini cha mtambo huo ni mgeuzo wa Fourier wa haraka. Katika mojawapo ya miundo yake ya kawaida, data hupita hatua kwa hatua, na kila hatua huichelewesha kwa idadi fulani ya mipigo: 512, 256, 128, na kuendelea kupungua kwa nusu hadi 1. Tuseme kila sampuli ina biti 36. Ucheleweshaji wa mipigo 512 huhitaji biti 18,432. Ukijengwa kwa flipu-flopu, hatua hiyo moja hula zaidi ya asilimia 31 ya flipu-flopu zote za chipu. Ukijengwa kwa majedwali ya Virtex-5, ambayo kila moja laweza kuchelewesha biti kwa mipigo 32, huhitaji majedwali 576. Ukiwekwa katika bloku, hujaza nusu ya bloku ya kilobiti 36 bila kubakiza kitu, na chipu ina nusu kama hizo 488.

Hata hivyo, kanuni hiyo hugeuka katika hatua fupi. Ucheleweshaji wa mipigo 32 huhitaji majedwali 36 tu, ilhali ukiwekwa katika nusu-bloku hutumia sehemu moja ya 16 ya nafasi yake na kuziacha nyingine 15 zikiwa tupu. Ucheleweshaji wa mpigo 1 hufaa flipu-flopu, wala hakuna hoja ya kuuweka penginepo. Mahali fulani kati ya 1 na 512 pana kizingiti ambapo uamuzi hugeuka, na kizingiti hicho hutegemea kile kilichobaki katika chipu baada ya sehemu nyingine kujengwa. Maktaba ya CASPER haikukifunga kizingiti hicho. Ilikiacha kiwe kigezo ambacho msanifu hukiweka mwenyewe. Waandishi wake walitambua kwamba anayejenga mtambo wa antena 7 na anayejenga wa antena 64 hawatapata jibu moja.

Kwa ukanda wa Afrika Mashariki, jambo hili haliko mbali. Kenya ni miongoni mwa nchi 8 za Afrika zilizo washirika wa Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya SKA, pamoja na Botswana, Ghana, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ushirika huo huwa na manufaa ya kudumu pale tu wahandisi wa nchi washirika wanapoweza kuifungua maktaba ya namna hiyo na kuelewa kwa nini kigezo kimoja kimewekwa 32 na si 512.

7.0 Je, programu ya usanisi haiwezi kuamua?

Wapo wanaosema kwamba suala hili limepitwa na wakati, kwa kuwa programu za usanisi, zinazogeuza maandishi ya lugha za VHDL na Verilog kuwa saketi, huchagua zenyewe. Hoja hii ina ukweli nusu. Programu huchagua, lakini huchagua kwa kufuata kile kilichoandikwa, na sentensi moja huweza kuifunga mikono.

Mfano unaojulikana sana ni wa kufuta. Tuseme msanifu anaeleza hifadhi ya maneno 1,024 yenye biti 16, kisha, kwa tahadhari, anaandika kwamba mtambo ukianzishwa upya maneno yote yawe sifuri kwa mpigo mmoja. Bloku ya kumbukumbu haina uwezo huo. Huandikwa neno kwa neno kupitia milango yake. Ili kutii maandishi, programu hulazimika kujenga flipu-flopu 16,384 pamoja na swichi teuzi za kuzisoma. Sentensi hiyo ikiondolewa, na usomaji ukifuata mpigo wa saa, hifadhi yote huingia katika bloku moja ya kilobiti 18. Hali ni hiyohiyo kwa anayetaka kusoma maneno matatu tofauti kwa mpigo mmoja kutoka bloku yenye milango miwili: ama anakili data mara mbili, ama anasubiri mpigo wa ziada, ama anarudi kwenye rejista. Mwaka 2010 Charles Eric LaForest na Gregory Steffan wa Toronto walichapisha mbinu za kujenga kumbukumbu zenye milango mingi kwa kuunganisha bloku za kawaida. Kazi yao ilikuwa ushahidi kwamba miaka 15 baada ya FLEX 10K mlango ulikuwa bado kikwazo.

Lugha za ngazi ya juu zaidi, zinazomruhusu msanifu kuandika kana kwamba anaandika programu ya kawaida, hazijaliondoa swali, zimelihamisha. Humo msanifu huambiwa aamue kama safu ya data igawanywe vipande vingi ili isomwe kwa pamoja au iachwe nzima ndani ya bloku. Ni swali lilelile la meza na ghala.

8.0 Takwimu za matangazo na ununuzi wa umma

Kwa mshauri wa sera, pengine sehemu yenye uzito zaidi ya historia hii ni namna uwezo wa chipu ulivyotangazwa. Chipu ya XCV1000 ya familia ya Virtex iliuzwa kama chipu ya geti 1,124,022 za mfumo. Namba hiyo haikuwa hesabu ya mantiki peke yake, kwa kuwa ilijumuisha makadirio ya geti ambazo zingehitajika kujenga kumbukumbu yake. Majedwali yake halisi yalikuwa 24,576, lakini orodha ilitaja seli za mantiki 27,648, yaani majedwali yakizidishwa kwa 1.125. Bloku zake 32 zilitoa biti 131,072. Majedwali yote yangegeuzwa kumbukumbu yangetoa biti 393,216, lakini hapo chipu isingebakiwa na jedwali hata moja la kufanyia kazi.

Hakuna namba yoyote kati ya hizo iliyokuwa ya uongo. Kila moja ilikuwa na maana yake kwa anayejua kuisoma. Tatizo hutokea pale zabuni inapoandikwa kwa kutaja namba moja kubwa, kisha wauzaji wakashindanishwa kwa namba hiyo. Chipu mbili zenye idadi sawa ya seli za mantiki zaweza kutofautiana kabisa katika bloku za kumbukumbu, na mtambo unaohitaji kuhifadhi data nyingi ukashindwa kuingia katika moja na kuingia kwa urahisi katika nyingine.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka. Familia ya UltraScale+ ya Xilinx iliongeza bloku kubwa za kilobiti 288 kila moja. Katika mradi wa Brainwave ulioelezwa na Microsoft mwaka 2018, namba za mifumo ya akili unde ziliwekwa moja kwa moja katika kumbukumbu ya ndani ya FPGA ili zisisafiri nje ya chipu. Kumbukumbu iliyoanza kama biti zisizogusika za mpangilio imekuwa sababu ya kununua chipu yenyewe.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza rejista zilikuwa pekee. Katika cha pili biti za mantiki ziliazimwa. Katika cha tatu mtengenezaji alitenga eneo la kumbukumbu na kulipima kwa niaba ya mtumiaji. Hakuna kipindi kilichofuta kilichotangulia, na chipu ya leo hubeba vyote vitatu kwa pamoja. Kanuni inayodumu ni kwamba data chache zinazohitajika zote kwa wakati mmoja hukaa katika rejista, data nyingi zinazohitajika moja moja hukaa katika bloku, na kati ya hizo mbili pana eneo ambalo huamuliwa kwa hesabu wala si kwa mazoea.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na hoja hiyo. Kwanza, maelezo ya zabuni za vifaa vya FPGA kwa vyuo na taasisi za umma yataje kando kando idadi ya flipu-flopu, ya majedwali ya majibu, ya bloku za kumbukumbu, na ukubwa na milango ya kila bloku, badala ya namba moja ya jumla. Pili, mitaala ya uhandisi iwape wanafunzi zoezi la kujenga hifadhi moja kwa njia zote tatu na kulinganisha gharama zake, kwa kuwa chipu ndogo ya kufundishia inatosha kabisa kwa zoezi hilo. Tatu, wanaosanifisha istilahi za Kiswahili watenganishe rejista ya mwandishi wa programu na rejista ya msanifu wa saketi, na pia kumbukumbu sambazwa na bloku ya kumbukumbu. Istilahi zikichanganywa, gharama nazo huchanganywa.

Nchi isiyochonga silikoni haiwezi kuchagua ukubwa wa bloku. Inaweza, hata hivyo, kuchagua chipu ipi inunuliwe na data ipi ikae wapi ndani yake. Uchaguzi huo hauhitaji kiwanda. Unahitaji mhandisi anayejua kupiga hesabu ya 512 kwa 36, na mnunuzi aliye tayari kumsikiliza kabla ya kutia saini.